Moto wa ndani: juu ya nini nyama inakula kila siku na hainenepi?



Karibu kila mukutano wa wafugaji, kuko ulizo moja yenye kurudia: « Mbuzi yangu inakula, sioni ugonjwa, lakini miezi inapita na haiongezi kilo. Chakula inaendaka wapi? » Ulizo hiyo ni ya maana sana, zaidi kwa jamaa zenye kupoteza mifugo yote wakati wa kukimbia vita, na ambazo leo zinaanza tena na mbuzi mbili, kuku tano ao sanduku moja ya kobaye. Mwenye ngombe makumi anaweza kupoteza chakula bila kusikia maumivu. Mwenye mbuzi mbili hana nafasi hiyo. Kwake, kila mukungu wa majani na kila kilo ya mahindi inapaswa kuleta kitu nyumbani.

Katika namba hii ya gazeti letu tutazungumuza juu ya moto ambao kila nyama iko nao ndani ya mwili. Ukielewa namna moto huo unavyowaka, utaelewa juu ya nini kobaye inakula sana kupita udogo wake, juu ya nini vitoto vya nguruwe vinakufa usiku, na juu ya nini tilapia ya mulimani inaacha chakula kikioza ndani ya maji.

Nyama ni kama jiko yenye kuwaka usiku na mchana

Shika tumbo ya mbuzi asubuhi ya baridi: iko na joto. Joto ya mwili wa mbuzi ni karibu degre 39. Ngombe iko kati ya 38 na 39, nguruwe karibu 39, kuku kati ya 41 na 42. Hata inje kukiwa degre 10, kama usiku kwenye milima ya Masisi, mbuzi inabaki na degre zake 39. Ile joto haitoke bure. Ni chakula chenye kuungua polepole ndani ya mwili, bila ndimi za moto, kwa kutumia hewa ambayo nyama inavuta.

Wenye kupima jambo hilo wa kwanza walitumia nyama ambayo wengi wenu munafuga: kobaye. Huko Ufaransa, wakati wa baridi ya 1782 na 1783, wataalamu wawili, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, waliweka kobaye ndani ya chombo chenye kuzungukwa na barafu. Kisha saa 10, joto ya kobaye hiyo moja ilikuwa imeyeyusha barafu ya karibu gramu 400. Wakafananisha ile joto na hewa ambayo nyama inapumua, wakaona kupumua na kuungua kwa makala ni jambo la namna moja: vyote vinakula hewa nzuri, vinatosha hewa chafu, na vinatoa joto.

Tunapima moto huo kwa kilokalori. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunaomba kilokalori 80. Kwa hiyo gramu 400 ni kilokalori 32 kwa saa 10, ni kusema karibu 77 kwa siku nzima. Muweke hesabu hiyo kwenye kichwa, tutaikuta tena mbele.

Deni ya kila siku

Waza mashini ya kusaga mahindi. Moteri ikizunguka bila muteja, haisagi hata kopo moja, lakini mazuti inaisha tu. Nyama pia ni hivyo. Hata ikilala, hata bila kuongeza gramu moja, moyo unapiga, mapafu yanavuta, maini yanafanya kazi, damu inatembea, joto inalindwa. Hiyo yote ni deni ambayo chakula kinalipa kwanza. Kisha hapo njo kunalipwa kutembea na kutafuta chakula. Chenye kubaki, kama kinabaki, njo kinafanya nyama, mayai, maziwa na mafuta ya mwili.

Hapo njo jibu ya ulizo yetu ya kwanza. Mbuzi yenye kula bila kunenepa haikule bure: inalipa deni tu. Mufugaji akileta chakula chenye kutosha deni peke yake, anakuwa na mashini yenye kuzunguka bila kusaga. Mara mingi tofauti kati ya kupata na kukosa ni kile kifungu kidogo cha majani chenye kuongezwa juu ya deni.

Tutwae mufano wa kuku ya kienyeji ya kilo 1,5. Kulala na kupumua tu kunaomba karibu kilokalori 95 kwa siku. Ukiongeza kutembea, kuparua na kumengenya chakula, unafika karibu 135. Kilo moja ya mahindi inapatia kuku karibu kilokalori 3.300, kwa hiyo deni ya kuku moja ni karibu gramu 40 za mahindi kwa siku. Ni kweli, kuku yenye kuzunguka inje inajitafutia wadudu, majani na mbegu. Lakini deni ni ile ile, na siku za kiangazi wadudu wanakosa, ni ghala yako njo inalipa.

Sasa hesabu majogoo. Kwa kuku majike 10, jogoo moja inatosha. Kama uko na majogoo tano ya kupita lazima, na yote yanakula kwenye ghala, ni gramu 200 za mahindi kila siku, ni kilo 73 kwa mwaka. Bila yai hata moja. Ile ni unga ya watoto. Jogoo yenye kukomaa na haina kazi ya mbegu, iende kwenye soko ao kwenye sufuria.

Nyama ndogo, moto mukali

Watu wanawaza: nyama ikiwa ndogo mara kumi, itakula kidogo mara kumi. Haiko hivyo. Mu 1932, Max Kleiber, mutaalamu mwenye kuzaliwa Zürich na kufanya kazi huko California, alikusanya vipimo vya nyama ndogo na kubwa akaona kanuni moja. Kilo za nyama zikiongezeka, moto wa mwili mzima unaongezeka, lakini moto wa kila kilo unapunguka.

Sekretere wa kooperative anaweza kuhesabu hiyo kwa telefone yake. Twaa kilo za nyama, uzizidishe zenyewe mara tatu (kilo × kilo × kilo), kisha bonyeza alama ya √ mara mbili, kisha zidisha na 70. Unapata kilokalori ambazo nyama inaunguza kwa siku ikipumuzika. Kwa mbuzi ya kilo 25: 25 × 25 × 25 ni 15.625, √ ya kwanza ni 125, √ ya pili ni 11,18, mara 70 ni karibu 783.

Hivi njo inatoka kwa mifugo yetu:

- Kobaye ya kilo 0,8: karibu 59 kwa siku, ni 74 kwa kila kilo.
- Kuku ya kilo 1,5: karibu 95, ni 63 kwa kila kilo.
- Mbuzi ya kilo 25: karibu 783, ni 31 kwa kila kilo.
- Nguruwe ya kilo 60: karibu 1.500, ni 25 kwa kila kilo.
- Ngombe ya kilo 300: karibu 5.050, ni 17 kwa kila kilo.

Tazama kobaye: kanuni inasema 59. Wale wa Ufaransa walipata 77, lakini yao ilikuwa ndani ya barafu, na baridi inalazimisha moto kupanda. Hesabu mbili zenye kuachana miaka 150 zinakaribiana.

Tuendelee. Ngombe moja ya kilo 300, mbuzi 12 za kilo 25, na kobaye 375 za kilo 0,8, zote ni kilo 300 za nyama. Lakini ngombe inaunguza karibu 5.050 kwa siku, mbuzi zile 12 karibu 9.400, na kobaye zile 375 karibu 22.000. Ni mara nne na zaidi kupita ngombe, kwa uzito ule ule.

Je, ni kusema kobaye ni hasara? Hapana. Moto mukali unafanya kazi pembeni zote mbili. Nyama ndogo inakula mbio, lakini pia inakomaa mbio na inazaa mbio. Kobaye inabeba mimba karibu siku 65 hadi 70 tu, mbuzi miezi tano, ngombe miezi tisa. Kobaye moja ikikosa, jamaa haianguke. Unaweza kuuza mbili juu ya daftari za watoto, na ukilazimishwa kukimbia unazibeba ndani ya kitunga. Ngombe huwezi kuibeba.

Lakini kuko mambo mawili ya kushika. La kwanza: usihesabu chakula kwa macho. Kobaye inaomba majani mabichi ya karibu asilimia 30 ya uzito wake kila siku. Yenye kilo 0,8 inaomba karibu gramu 240. Kobaye 20 ni karibu kilo 5 za majani, sawasawa na mbuzi moja ya kilo 25. Mutu akikwambia kobaye zinakula mabaki ya jikoni tu, umuulize ziko ngapi.

La pili: nyama ndogo haiwezi kungojea. Akiba ya mafuta na nyama ya mwili inaenda na kilo, lakini moto unaenda mbio kupita kilo. Kwa ile hesabu, bila chakula, akiba ya kobaye inaisha karibu mara nne mbio kupita ya ngombe. Ngombe inaweza kukonda kiangazi chote na kurudisha mwili mvua ikirudi. Kobaye yenye kukosa chakula siku mbili, juu muchungaji ameenda soko ya mbali ao kilio, iko karibu na kufa, na yenye mimba njo inatangulia. Ukifuga nyama ndogo, panga mbele nani atakata majani siku hauko. Tena usisahau: kobaye haijue kujitengenezea vitamini C, kama vile sisi watu. Mahindi peke yake, hata mingi, haiponyeshe. Inahitaji majani mabichi.

Watoto wa nyama wanapoteza joto mbio

Kanuni ile ile inaeleza vifo vingi vya siku za kwanza. Kitoto cha kuku cha gramu 40 kinaunguza zaidi ya kilokalori 150 kwa kila kilo, na mama yake 63 tu. Tena hakina manyoya ya kweli, ni malaika tu. Kwa hiyo moto wake ni mukali na nyumba yake haina mulango.

Juma ya kwanza, kitoto cha kuku kinaomba degre 32 mpaka 35. Kisha unapunguza karibu degre 3 kila juma. Kama mama yao iko, anafanya kazi hiyo na mabawa yake. Kama hauko na mama ya kuku, weka sanduku yenye pumba za mbao na chungu cha makala yenye kufunikwa vizuri, lakini acha nafasi ya hewa kuingia: moshi na hewa ya makala inaua vitoto, na inaua pia watu wenye kulala ndani ya chumba kile. Hauna termometre? Tazama vitoto vyenyewe. Vikirundikana pamoja na kulia, ni baridi. Vikikimbilia pembeni na kufungua midomo, ni joto mingi. Vikitawanyika na kula, ni sawa.

Kitoto cha nguruwe kiko na shida zaidi. Kinazaliwa na kilo moja na kidogo, kiko na nywele kidogo, akiba ya mafuta ni kidogo sana, na hakina ile namna ya mafuta ambayo watoto wa mbuzi na wa kondoo wanazaliwa nayo juu ya kutengeneza joto mbio. Kinaomba degre 30 mpaka 34. Mama nguruwe, yeye, anasikia muzuri kwenye 20. Kwa hiyo usipashe nyumba nzima. Tengeneza kona ya majani makavu mingi, yenye kufunikwa juu, penye mama hawezi kulala. Na kila kitoto kinyonye maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano, mbele saa chache zipite. Mara mingi tunasema « mama ameviponda ». Ni kweli ameviponda, lakini vilikuwa karibu naye sababu vilikuwa vinasikia baridi, na vilikuwa vimelegea sababu havina nguvu ya kukimbia. Kifo kilianza na baridi.

Baridi ya mulima, joto ya bonde

Ukipanda mita 1.000, joto ya inje inashuka karibu degre 6. Mufugaji wa Uvira, karibu na ziwa Tanganyika, na mufugaji wa milima ya Minembwe hawawezi kufuata shauri moja.

Kwenye mulima, adui ni baridi yenye kuungana na mvua na upepo. Mbuzi yenye nywele kavu inavumilia baridi vizuri, sababu hewa kati ya nywele ni kama blanketi. Zikilowana, blanketi inatoka. Maji ya gramu 200 kwenye nywele yanaweza kuomba mpaka kilokalori 115 juu ya kukauka, ni karibu sehemu moja ya saba ya moto wake wa siku nzima ikipumuzika. Dari yenye kuvuja inakula chakula cha mbuzi. Kuinua sakafu ya mbao, kuziba upande wa upepo na kuacha hewa ipite juu, hiyo ni sawa na kuongeza majani kwenye chano. Na tena: kumengenya majani magumu kunatoa joto mingi ndani ya tumbo. Kwa hiyo, mulimani, patia mbuzi na ngombe majani makavu ao magumu mangaribi. Zitatafuna usiku na zitajipasha.

Bondeni, kama kwenye uwanda wa Ruzizi, ile joto ya kumengenya inakuwa muzigo. Nyama inajaribu kupunguza moto wake, na namna rahisi ni kuacha kula. Kuku inafungua kinywa na kuhema, inakula kidogo, inataga kidogo. Nguruwe haijue kutokwa jasho ya kutosha. Huko patia chakula asubuhi mapema na mangaribi, si saa sita. Weka kivuli na maji safi siku zote, na nguruwe ipate pa kulowesha mwili. Kobaye pia haipendi joto: kupita degre 30 zinaanza kufa, kwanza zenye mimba. Usiziweke chini ya manjanja bila kutia majani juu.

Kutembea kunalipwa

Turudilie mbuzi yetu ya kilo 25. Vitabu vya lishe ya mbuzi vinahesabu kwamba, ndani ya nyumba, inaomba karibu kilokalori 1.130 za chakula kwa siku juu ya kubaki na uzito wake. Ikitembea kidogo karibu na nyumba, ongeza robo: karibu 1.400. Ikipanda na kushuka milima kutwa nzima penye majani machache, ongeza robo tatu: karibu 1.980. Tofauti ya hizo mbili ni kilokalori karibu 565. Na kuongeza gramu moja ya uzito kunaomba karibu kilokalori 7. Kwa hiyo, kama chakula ni kile kile, mbuzi ya kutembea mbali inaacha njiani karibu gramu 78 za uzito kila siku, ni zaidi ya kilo 2 kwa mwezi.

Lakini tusidanganyane. Mbuzi ikikaa nyumbani, kuko mutu mwenye kutembea kwa nafasi yake, na mara mingi ni mama ao binti mwenye kubeba muzigo wa majani kichwani kisha kutoka shamba. Deni ya kutembea haikufutwa: imehamia kwenye mabega ya mutu. Kuweka mbuzi ndani kunakuwa na faida kama majani yako karibu. Panda tripsakumu, setaria ao penisetumu kwenye mistari ya kuzuia mvua isichukue udongo, na kaliandra kwenye mipaka ya shamba. Udongo unabaki, majani yanakuwa karibu, na mama anapumuzika kidogo. Kooperative yenye kuzungumuzia mbuzi za ndani bila kuzungumuzia nani atabeba majani, haijamaliza mazungumuzo.

Mbuzi yenye mimba, zaidi mwezi na nusu wa mwisho, inalipa deni mbili, sababu kitoto kinakomaa sana siku zile. Na yenye kunyonyesha inalipa karibu kilokalori 1.200 kwa kila kilo ya maziwa, zaidi ya deni yake yote ya ndani ya nyumba. Hizo njo za kupatia majani mazuri kwanza. Beberu yenye kunona inaweza kungojea.

Ugonjwa ni muteja wa siri

Homa inapandisha moto: kila degre moja ya kupita inaongeza karibu asilimia 10. Nyama ya homa inaunguza mingi na haikule. Minyoo inakula ndani na inaondoa hamu. Upele unatosha nywele, na nywele zikitoka blanketi imetoka. Kwa hiyo, mbele ya kununua chakula cha kuongeza, muulize muganga wa nyama juu ya dawa ya minyoo. Kulisha mbuzi yenye minyoo mingi ni kutia maji ndani ya bidoni yenye kutoboka.

Samaki haina deni ya joto

Wenye vidimbwi, hii ni yenu. Samaki haijipashe. Joto ya mwili wake ni joto ya maji. Hiyo njo sababu inaweza kugeuza chakula kidogo kuwa nyama mingi: hailipi makala ya jiko. Lakini maji yakipoa, moto wake wote unashuka. Kwa kipimo cha karibu, degre 10 zikipunguka, moto unakuwa nusu. Tilapia inakomea muzuri karibu na degre 28 mpaka 30. Chini ya 20 inakula kidogo sana.

Kwa hiyo, kwenye kidimbwi cha mulimani, usilishe saa kumi na mbili ya asubuhi kama vile kuku. Ngojea jua ipashe maji, kati ya saa ine na saa tisa. Tupa kidogo, tazama dakika 15. Kama chakula kinabaki, punguza. Chenye kubaki kinaoza, kinakula hewa ya maji, na asubuhi unakuta samaki zinafungua midomo juu. Majuma ya baridi ya kiangazi, kulisha sana ni kulisha matope.

Mambo ya kushika

1. Chakula kinalipa deni ya maisha kwanza. Faida inatoka kwa chenye kuongezwa juu ya deni.
2. Ondoa nyama zisizo na kazi mbele ya kiangazi, si kisha zimekonda.
3. Nyama ndogo inaomba chakula mingi kwa kila kilo na haivumilie kukosa hata siku mbili.
4. Watoto wa nyama: joto na maziwa ya kwanza mbele ya dawa yoyote.
5. Nyumba kavu na yenye kuzibwa upepo inachunga chakula.
6. Majani yakae karibu na nyama, na karibu na mutu mwenye kuyabeba.
7. Samaki inakula wakati maji iko na joto.

Maulizo ya kuzungumuzia kwenye kikundi

- Kila memba aandike nyama zake na kilo zake, hata kwa kukisia. Sekretere ahesabu na ile kanuni ya 70. Deni ya kikundi kizima ni ngapi kwa siku?
- Mwezi wa saba na wa munane, majani yetu yanaweza kulipa deni hiyo? Kama hapana, ni nyama gani tunauza mwezi wa tano?
- Nyumbani kwenu, nani anakata majani, na anatembea saa ngapi?

Mukipata majibu, muyaandike ndani ya daftari ya kooperative na muyaonyeshe agronomu wenu akipita. Kiangazi chenye kuhesabiwa mbele hakiuwi nyama mingi.